Mgeni Aliyelinda Vidonge

Jumanne moja, mwezi wa tatu wa mwaka 1998, Kaltumu alivuka barieri ndogo ya mpakani akitokea Goma na vipande vya vitenge kichwani, sukari mkononi, na vidonge vilivyofungwa kwenye pindo la leso yake. Mvua ilikuwa inanyesha. Wanawake waliopanga foleni walikuwa wamejifunika mifuko ya plastiki, na udongo mweusi wa volkano umewapanda miguuni hadi karibu na magoti. Askari wa zamu alitia mkono kwenye sukari, akavibonyeza vitenge, akamwuliza kama ana kitu kingine. Kaltumu akasema hana. Moyo ulikuwa unamdunda, lakini mwaka ule kila aliyepita pale moyo ulimdunda, kwa hiyo askari hakuona la ajabu.

Kwao kulikuwa upande wa Rwanda, nyuma ya soko la Gisenyi, katika mtaa wa Waislamu, kwenye kiwanja chenye ukuta wa mawe ya lava alichoachiwa na baba yake, mzee Faradji muuza chumvi. Aliishi humo na wifi yake Xavérine, mjane wa kaka yake aliyekufa na lori kwenye kona za barabara ya Ruhengeri. Pamoja nao alikuwepo Gatesi, binti wa Xavérine, msichana wa miaka ishirini na mmoja ambaye vita vilimchelewesha shule na sasa alikuwa anaimalizia kati ya watoto wadogo kuliko yeye. Xavérine hakuwahi kusilimu. Jumapili alikwenda misa, Idi alisaidia kupika pilau, na tangu mumewe azikwe hakuna aliyemwuliza lini atarudi kwao. Kaltumu aliuza vitenge, Xavérine alivishona. Mteja alinunua kitambaa kwa mmoja akapimwa kiuno na mwingine, pale pale barazani.

Mwaka uliotangulia daktari mmoja wa Kigali alimkata Xavérine titi la kushoto. Akaambiwa kwamba ugonjwa umeng'olewa kama gugu lakini mbegu zimebaki, na kwamba mbegu hizo zitalala tu iwapo atameza kidonge kimoja kila siku kwa miaka. Kidonge kiliitwa Zelturan. Kilikaa katika famasi ya Valens, ndani ya kabati la kioo lenye kufuli, kwenye boksi la buluu, na bei ya boksi moja ilikuwa sawa na ya ng'ombe anayekamuliwa. Boksi la kwanza lilimeza shamba la viazi la Xavérine kule Bugeshi. La pili lilimeza mikufu ya Kaltumu. La tatu likakosa cha kumeza.

Ndipo Kadiri, jamaa yao mwenye duka la dawa huko Birere, upande wa Goma, alipomfungulia Kaltumu kopo la bati lisilokuwa na picha. Alisema dawa ni ile ile, imetengenezwa India na watu wanaoijua kazi yao, ila haina jina la tajiri juu yake. Mshonaji nguo aliweza kuinunua. Kaltumu hakuwa mtu wa kuamini kopo. Alichukua kidonge kimoja akampelekea daktari Harerimana, aliyekuwa anamtazama Xavérine kila mwezi. Daktari huyo alikulia Tanzania na Kiswahili chake kilikuwa cha shule. Alikigeuza kidonge kwenye vidole, akakikata, akakionja, akakipeleka kwenye chumba cha vipimo, akarudi, akasema ni dawa ile ile kabisa. Alisema kwa sauti ya chini. Kisha akaenda kufunga dirisha, ingawa siku ilikuwa na joto.

Jioni ya ile Jumanne ya mvua, Xavérine alimeza kidonge cha kwanza kutoka kopo la Kadiri, akanywa maji, akajifuta mdomo. Alipoishusha bilauri, mtu alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye kofia na koti la kijivu lililopigwa pasi, na viatu visivyokuwa na tope hata tone. Akasalimia kwa adabu. Kisha akafungua kiganja cha mkono wa kulia, na ndani yake kulikuwa na kidonge, kimelowa mate.

Xavérine akajipapasa koo. Kaltumu alimkaribisha mgeni, kwa kuwa mgeni hukaribishwa, akamwuliza anatoka wapi na ana haja gani.

"Ninalinda dawa, mama," mgeni alisema. "Dawa hii ina mwenyewe. Ameiandikisha katika nchi hii, na mpaka muda wake uishe, hakuna mwingine anayeruhusiwa kuitengeneza wala kuileta. Mimi siye mwenyewe. Mimi ni ulinzi tu."

Akakiweka kidonge juu ya meza, akajiegemeza ukutani kama mtu aliyefika.

Kesho yake walimjaribu. Gatesi alisaga kidonge akakikorogea kwenye uji wa mtama. Xavérine aliunywa wote, na mgeni akafungua kiganja chenye unga mweupe na uji kidogo. Walikificha ndani ya ndizi. Walikimega vipande. Kaltumu alimtuma mgeni dukani akanunue kiberiti, naye akaenda kwa hiari, akarudi na kiberiti katika mkono mmoja na kidonge kilicholowa katika mwingine. Hakuwahi kumgusa Xavérine. Hakuwahi kupandisha sauti. Angekuwa mkali Kaltumu angejua la kufanya, maana ukali alikuwa ameuzoea barierini. Huyu alikuwa mpole, na upole wake ulimfanya Kaltumu akosee akipima vitambaa, hata akaanza kukata vifupi.

Siku hizo watu wa vijiji vya Bugeshi na Busasamana walikuwa wanateremka kila jioni na mikeka yao kuja kulala mjini, kwa kuwaogopa watu wa msituni, waasi waliovamia vijiji usiku. Nyumba iliyokutwa na mgeni asiyejulikana iliulizwa maswali yasiyokuwa na majibu. Kwa hiyo Manzi, responsable, yaani kiongozi wa mtaa, alipopiga hodi, Kaltumu alidhani ni mwisho wao. Mgeni alisimama akamkabidhi karatasi zake. Manzi alizisoma akiwa amesimama, akakaa, akazisoma tena.

"Papiers zake ziko en ordre," akasema. "Ziko en ordre kupita zangu. Muishi naye muzuri."

Akaondoka bila kumaliza chai.

Jirani yao Mukandutiye alikuja kuchungulia, mtoto mgongoni. Alisema huyo si kitu kigeni. Kwa mama yake mzazi alikaa mmoja kama yeye, kwa ajili ya dawa nyingine, ila wa kwao alivaa koti la kahawia. "Musimunyime chai," akawausia. "Hatainywa, lakini musimunyime." Xavérine akamwuliza mama yake anaendeleaje sasa. Mukandutiye akamtikisa mtoto mgongoni, akasema ameacha uji jikoni, akaondoka.

Kila siku Xavérine alimeza, na kila siku mgeni alifungua kiganja. Vidonge vilirundikana mezani mbele yake, vyeupe, vikikauka kimoja kimoja. Hakuviondoa wala hakumkataza mtu kuvigusa. Kwenye kwapa la Xavérine kukaota kinundu, mwanzo kidogo kama kifungo cha shati, na kabla mvua hazijaisha kilikuwa kama limau. Alijifunza kushona akiwa ameweka mkono mbali na mbavu. Alikuwa mwanamke wa kuimba akishona. Sasa cherehani ikawa inasikika peke yake.

Kaltumu alimchukua wakaenda kwa daktari Harerimana. Walimwacha mgeni kwenye kigoda, wakafunga mlango, na walipoingia ofisini kwa daktari walimkuta amekaa kando ya kabati la dawa, mikono magotini. Akawasalimia tena kama watu walioonana punde.

"Nilimkuta hapa nilipoletwa," daktari alisema. "Naye hana ubaya. Mara nyingine hunishikia taa."

Alimpima Xavérine, na uso wake ukabadilika, akaurudisha. Akaeleza kwamba ulinzi wa Zelturan utakwisha mwaka 2004. Mwaka huo ukifika, mtu yeyote ataruhusiwa kutengeneza dawa hiyo, itauzwa kando ya sabuni, na mgeni ataondoka bila kuaga. Xavérine alihesabu kwa vidole, taratibu, halafu akaacha. Kaltumu ndiye aliyeuliza kama na upande wa Goma iko hivyo hivyo. Daktari hakujua. Mgeni akajibu mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayesomea wasafiri saa za basi.

"Huko hatujaandikisha, mama. Kila tukitaka kutuma mtu, vita vinaanza."

Daktari akamgeukia Kaltumu. Kisha akasema kwamba, kwa maoni yake, hewa ya Goma inamfaa sana mgonjwa.

Siku ya pili yake walivuka mapema. Mgeni alitembea nao hadi barierini, akiwa nyuma yao hatua chache, na walipofika kwenye kamba iliyofunga barieri akasimama. Walipogeuka walimwona amesimama kati ya mbuzi na wabeba mizigo, koti lake kavu mvuani. Kwa Kadiri, Xavérine alimeza kidonge, na wote watatu wakakodolea macho mlango. Hakuna aliyeingia. Kadiri akamwambia afungue mdomo, akatazama chini ya ulimi, akasema kimeshuka. Xavérine akalia kidogo, akaomba msamaha kwa kulia, akaomba chumvi ya kupeleka nyumbani.

Walirudi alasiri. Mgeni alikuwa pale pale kwenye kamba. Xavérine alipoivuka tu, alifungua kiganja, na ndani kulikuwa na nusu ya kidonge, imelainika, imeliwa pembeni.

"Bado haijawa damu," akawaeleza. "Ikishakuwa damu yako haituhusu tena. Inataka usiku mzima."

Barieri ilifungwa kila siku kabla ya magharibi. Ilimaanisha kwamba Xavérine ama angelala Goma, ama angeendelea kumeza nusu na kurudisha nusu. Walizungumza jambo hilo jikoni, Kaltumu na yeye, mgeni akiwa sebuleni na Gatesi akimjazia bilauri ya maji asiyoyanywa. Mwisho Xavérine akafunga nguo zake kwenye kitenge. Cherehani aliiacha kwa Gatesi. Alisema atakuwa karibu kiasi kwamba upepo ukitoka ziwani wote watasikia kengele ile ile moja ya kanisa.

Kadiri alimpa chumba cha uani. Mwezi wa nne ukapita, na wa tano. Kila Jumapili Gatesi alivuka kwenda kumsuka mama yake, na kila aliporudi alileta habari kwamba kinundu kinarudi nyuma: sasa kama ndimu, sasa kama punje ya hindi, sasa ukikitafuta unakipoteza. Xavérine alinenepa mashavu. Lakini Birere hakukuwa kwao. Watu pale walimtazama pua na urefu wake, wakamwuliza yeye ni wa wapi hasa, na alipojibu waliuliza tena kwa namna nyingine. Mchana alijifungia ndani. Risasi zikilia upande wa uwanja wa ndege alijilaza sakafuni, rozari kinywani, na asubuhi akaamka akameza kidonge chake. Alimwambia Gatesi kwamba sasa ana hofu mbili, na kwamba moja inaitibu nyingine.

Kaltumu alibaki na mgeni. Hakukuwa tena na kitu cha kulinda nyumbani mle, ila vidonge vilivyokauka mezani, lakini mgeni hakuondoka. Alisema anasubiri tu. Majirani walimzoea. Manzi alimpitia kumwomba amsomee barua za wilaya. Askari wa doria walimpungia mkono, na Kaltumu alipata kuona kwamba tangu mgeni aje, nyumba yake haikupekuliwa hata mara moja. Hilo halikumpa raha. Lilimfanya awe na aibu mbele ya Mukandutiye, ambaye nyumba yake ilipekuliwa mara mbili.

Jioni moja, Kaltumu akichambua mchele, alimwuliza mgeni kama aliwahi kumwona mtu akifa kwa ugonjwa ule. Aliuliza akijua anafanya hila. Alitaka kumtafuta moyo ulipo ili aushike.

"Mke wangu," mgeni alisema.

Kaltumu akaacha mchele. "Na dawa ilikuwako?"

"Ilikuwako. Ndugu yake aliileta kutoka mbali, ndani ya kiatu."

"Na weye?"

"Nilikaa naye. Kama nilivyokaa hapa."

"Ukafungua mukono?"

"Nilifungua, mama."

Alisema hivyo bila majivuno na bila kuinamisha kichwa. Nje watu wa Busasamana walikuwa wanapita na mikeka yao. Kaltumu akarudi kwenye mchele, akaona kwamba alikuwa anatupa punje na kubakiza mawe. Tangu siku ile hakumwomba tena kitu. Alihamishia kitanda cha Gatesi chumbani kwake, akaweka komeo mlangoni, ingawa alijua komeo halikuwa dawa ya mtu wa namna ile.

Mwezi wa nane vita vilianza upya ng'ambo. Barieri ikafungwa. Kwa siku kadhaa Kaltumu na Gatesi walisimama kwenye kamba pamoja na nusu ya mji, wakitazama moshi na kukisia ni wa mtaa gani. Mgeni alisimama nao, akiwakinga na mwavuli. Ilipofunguliwa, walimkuta Xavérine hai chini ya kitanda cha Kadiri, amekonda, kopo la vidonge kifuani. Hakuwa ameacha kumeza siku hata moja. Kadiri mwenyewe alikuwa ameporwa redio, magodoro na sindano zote, lakini kopo lile waporaji walilifungua wakalirudisha, maana halikuwa na picha wala jina.

Goma ikapata wakubwa wapya. Askari walivuka kwenda na kurudi, mizigo ikavuka, na kwa muda watu walisema mpaka sasa ni kama haupo. Kaltumu alifurahi kama wengine. Vitenge vilishuka bei. Xavérine alipata wateja wachache, akaazima cherehani ya mke wa Kadiri, akaanza tena kuimba.

Kisha, asubuhi moja ya mwezi wa kumi, Kaltumu akiwa kwenye foleni, aliona koti la kijivu mbele yake. Lilikuwa mbali kidogo, baada ya mama mwenye kuku. Mgeni alifika kwenye kamba, akatoa karatasi, askari akaipitia, akampigia saluti, akainua kamba. Mgeni akavuka. Hakuangalia nyuma.

Kaltumu alitupa mzigo wake. Alipita chini ya kamba watu wakimwita, akakimbia barabara yote ya Birere, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, kandambili moja imebaki njiani. Alipofika dukani Kadiri alikuwa anafagia. Mgeni alikuwa amekaa kwenye kreti la bia. Kopo la bati lilikuwa mbele yake, tupu, na kiganja chake kimejaa hadi vidonge vinamwagika kwenye koti. Xavérine alikaa mkabala naye, bilauri ya maji mkononi.

"Wakubwa wapya wamefungua ofisi," mgeni alisema. "Tumeandikisha jana. Pole kwa mbio, mama. Kaa upumue."

Kaltumu hakukaa. Alimvuta Xavérine uani, akamwambia wataondoka, wataelekea Sake, na ikibidi Masisi, mpaka pale ambapo karatasi ile haijafika. Atauza kiwanja. Atamwacha Gatesi kwa Mukandutiye. Kadiri, aliyewafuata na ufagio, alisema dawa anaweza kuipata tena kwa njia ya Bukavu, lakini kwamba kwenye barabara ya Sake kuna watu ambao hawaulizi karatasi ya mtu wala ya dawa. Wiki iliyopita walisimamisha lori la mahindi, na mahindi peke yake ndiyo yaliyofika.

Xavérine alisikiliza akiwa ameshika ukuta. Alikuwa anaogopa, Kaltumu aliona jinsi kitambaa cha kichwa chake kilivyotikisika. Lakini alipozungumza sauti yake ilikuwa ya mtu anayechagua rangi ya uzi.

"Wifi, mi nimechoka kukimbiya mutu mwenye anakaaka tu. Hata mbele kule atafika. Unirudishe kwa mutoto wangu."

Walirudi watatu, maana mgeni aliwabebea mzigo.

Lisemwe pia lililo la kweli kuhusu Valens. Alipopata habari alifungua lile kabati la kioo, akakata safu moja ya vidonge kutoka boksi la buluu, akamletea Xavérine mwenyewe bila kudai kitu. Xavérine alipokimeza kidonge cha kwanza cha boksi la buluu, mgeni alisimama, akavua kofia, akamshikia bilauri kwa mikono miwili mpaka akamaliza. Kidonge hakikurudi. Kila siku alifanya hivyo, kwa heshima ile ile, kama mhudumu wa altare. Safu ilipoisha, akakaa. Valens hakuwa na nyingine ya kutoa. Mwenye mali alikuwa Kigali, na nyuma yake alikuwepo mwenye mali mwingine, na kwa jinsi Valens alivyoeleza, hata yeye hakujua wanaishia wapi.

Kinundu kilitoka tena, kikazaa vingine. Xavérine alihamishiwa kitanda sebuleni ili aone baraza. Alimfundisha Gatesi kukata kola, kuweka mfuko usiovutika, kutia bitana kwenye koti. Padri alikuja. Mke wa imamu alikuja na maziwa. Daktari Harerimana alikuja kila alipoweza na dawa ya maumivu, ambayo haikuwa na mlinzi, akakaa kando ya kitanda upande mmoja na mgeni upande wa pili. Maumivu yalipomzidi Xavérine, wakati mwingine alimshika mgeni mkono, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu. Mgeni alimwachia. Kaltumu alipoona hivyo alitoka nje, akasimama kwenye ukuta wa mawe, akabana kinywa kwa leso.

Xavérine alikufa mwezi wa pili mwaka 1999, asubuhi, soko likiwa limechangamka na Gatesi akiwa katikati ya mshono. Hakusema neno la kukumbukwa. Aliomba wamgeuze, wakamgeuza, akashusha pumzi kama mtu aliyepata mahali pazuri pa kulala.

Walimzika kwenye makaburi ya Wakatoliki, ndugu zake kutoka Bugeshi upande mmoja na Waislamu wa nyuma ya soko upande mwingine. Mgeni alishika pembe ya jeneza. Alitupa udongo wake, akanawa mikono pamoja na waombolezaji, akala alichopewa au walau akakishika. Manzi alimshukuru mbele ya watu kwa kuwa karibu na familia wakati wa shida. Hakuna aliyeona vibaya.

Waombolezaji walipokwisha kutawanyika, Kaltumu alirudi kwenye vitenge. Alifagia vidonge vyote vya mezani akavitia kwenye mfuko, akaupeleka kwa wale aliosikia kwa Mukandutiye kwamba wana ugonjwa ule, na kila mmoja alimshukuru, akamwonyesha mtu wake aliyekaa mlangoni. Akarudi na mfuko ule ule.

Jioni moja alitoka barierini mapema, akakuta kigoda hakipo karibu na mlango. Kwa muda mfupi alisimama kizingitini, mzigo kichwani, akiogopa kufurahi. Halafu akasikia cherehani. Gatesi alikuwa anashona kwenye baraza ya nyuma, penye mwanga, na kigoda kilikuwa pembeni yake, na mgeni juu yake, mikono magotini.

Kaltumu alimwuliza anasubiri nini sasa, na aliyekuwa anasubiriwa wamekwisha mzika.

"Mwaka 2004, mama," mgeni alisema. "Si mbali sana."

Gatesi hakuinua kichwa. Kaltumu akautua mzigo, akamsogelea, akamwuliza kama anaumwa. Msichana alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. 

"Haiumi, shangazi," akasema. "Iko kadogo tu. Nilisema nisikuambie mbele ya matanga kuisha."

Akamshika Kaltumu mkono, akamwonyesha, chini ya kwapa, upande wa kushoto. Kaltumu alikigusa kinundu kwa ncha ya kidole. Vidole vyake vilikijua. Alimfunga Gatesi kifungo cha blauzi, kama alivyokuwa akimfunga alipokuwa mdogo, akamwambia kesho watakwenda kwa daktari Harerimana. Gatesi akasema sawa. Akaitazama nguo iliyokuwa mbele yake, akarudisha mguu kwenye pedeli, na mgeni akamsogezea mkasi ulioangukia mbali naye.

Jua lilikuwa linaingia nyuma ya Goma, na watu wa Busasamana walikuwa wameanza kupita na mikeka. Kaltumu akaenda jikoni. Akapuliza moto, akafunua chungu cha maharage, akaongeza maji, kwa kuwa walikuwa bado watatu.